Pensheni ya Mtumishi wa Umma: Ahadi Huzaliwa Siku Gani?

Barua ya ajira ya mama yangu imepigwa taipureta kwenye karatasi nyembamba ambayo sasa ina rangi ya chai. Imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo imeanza kuachia. Katikati yake kuna maneno ambayo kila mwalimu wa kizazi chake anayajua kwa moyo: umeajiriwa kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya babu achinje mbuzi. Lakini barua haisemi malipo hayo ya uzeeni ni kiasi gani, yatakokotolewaje, wala nani ana ruhusa ya kubadili hesabu mtu akiwa katikati ya safari.

Mama alistaafu mwishoni mwa 2022, baada ya miaka thelathini na nne darasani. Miezi michache kabla, kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kilikuwa kimebadilika. Nakumbuka jioni aliyokaa mezani na daftari la mraba, kalamu, na simu yangu ya kupigia hesabu. Alipiga mara tatu, akapata jibu lilelile mara tatu. Akaweka kalamu chini, akaniuliza: "Hivi mwanangu, sheria inaruhusu kweli?"

Nimechukua muda kumjibu. Swali lake limefika mahakamani katika nchi nyingi, na majaji wamelijibu kwa namna zinazopingana waziwazi. Nilipozisoma hukumu hizo nikagundua kwamba ubishi wao karibu wote unarudi kwenye jambo moja: ahadi ya pensheni inahesabiwa imezaliwa siku gani.

Namba tatu, siyo moja

Kwanza tuelewane juu ya kilichobadilishwa. Mjadala wetu Tanzania, kuanzia vijiweni hadi bungeni, umeshikilia namba moja tu, ile asilimia ya mkupuo, fedha anazopewa mstaafu kwa mara moja. Ziko mbili nyingine ambazo zimefanya kazi kubwa kimyakimya.

Kwa wanachama wa PSPF, mfuko wa watumishi wa serikali kuu, na wa LAPF, mfuko wa serikali za mitaa, hesabu ya zamani ilikwenda hivi. Unachukua miezi yote ya utumishi, unazidisha kwa mshahara wa mwaka, unagawanya kwa 540. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5 na unapewa mkononi siku ya kustaafu. Nusu nyingine inagawanywa kwa miezi kumi na miwili, na hiyo unalipwa kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wako.

Mshahara wa mama ni siri yake, sitauandika. Tuchukue mtumishi wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni yake kamili kwa kanuni ya zamani ni 8,000,000 kwa mwaka. Nusu ni 4,000,000. Ukizidisha kwa 15.5 anaondoka na mkupuo wa 62,000,000. Kila mwezi anapata 333,333.

Kanuni iliyoanza Julai 1, 2022 inagawanya kwa 580, inazidisha mkupuo kwa 12.5, na inatoa asilimia 33 mkononi huku 67 ikibaki ya kila mwezi. Tuuache mshahara wa kukokotolea vilevile ili tulinganishe sawa kwa sawa. Pensheni kamili ya mtu yuleyule inashuka hadi 7,448,276. Mkupuo wake ni 30,724,138. Kila mwezi anapata 415,862.

Tuliambiwa kilichopungua kwenye mkupuo kimeongezwa kwenye mwezi. Mwezi umeongezeka kweli, kwa shilingi 82,529. Mkupuo umepungua kwa milioni 31 na ushee. Gawanya moja kwa nyingine, unapata miezi 379. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atabidi avuke 91 ndipo nyongeza ya mwezi ifikie kile kilichopungua siku ya kwanza, na hapo sijagusa kupanda kwa bei ya unga.

Sasa fanya jaribio. Rudisha 540 na 15.5, badilisha asilimia peke yake kutoka 50 hadi 33. Mkupuo unakuwa 40,920,000, na pensheni ya mwezi 446,667. Kumbe hata kwa asilimia hiyohiyo 33 iliyochukiwa, mstaafu angepata milioni kumi zaidi mkononi na elfu thelathini zaidi kila mwezi. Tofauti hiyo imeliwa na 580 na 12.5, namba ambazo ni nadra kuzisikia zikitajwa kwenye risala za Mei Mosi.

Haki inanitaka niseme pia upande wa pili. Wanachama wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, na wa PPF, mfuko wa mashirika ya umma, walikuwa wakipata mkupuo wa asilimia 25 tu, na kwao 33 ilikuwa nafuu. Mifuko nayo ilikuwa na shida ya kweli. Kabla ya 1999 mtumishi wa serikali hakuwa akichangia; pensheni yake ilitoka moja kwa moja Hazina. PSPF ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka huo, ilirithi watu wenye miaka mingi ya utumishi nyuma yao na senti sifuri ya michango kwa miaka hiyo. Serikali ilipaswa kuuziba mwanya huo. Ilichelewa sana. Hata mwishoni mwa 2021 ilipoanza kulipa kwa uzito, ilitoa hati fungani maalumu zenye thamani ya zaidi ya shilingi trilioni 2, siyo fedha taslimu. Mama aliajiriwa 1988. Miaka yake kumi na moja ya mwanzo imo ndani ya deni hilo.

Kanuni inayoandikwa na kufutwa

Mlolongo wenyewe unafundisha sheria kuliko kitabu. Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, Namba 2 ya 2018, na kuanzia Agosti 1 mwaka huo PSPF, LAPF, PPF na GEPF, mfuko mwingine wa watumishi wa serikali, ziliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Zikafuata kanuni zilizoleta mkupuo wa asilimia 25 kwa wote. Watumishi wakapiga kelele. Tarehe 28 Desemba 2018, Rais Magufuli aliwaita Ikulu viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko, akaagiza kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Kabla ya 2023 kufika, ikaja ya 2022. Juni 2024, katika hotuba ya bajeti, ikatangazwa kwamba waliokuwa wakilipwa asilimia 50 watapanda kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa wa 25 watapanda hadi 35.

Ndani ya miaka sita, kwa mtumishi yuleyule wa mfano wetu, mkupuo ulitoka milioni 62, ukashuka hadi 23, ukarudi 62, ukashuka 30, ukapanda 37. Katika miaka hiyo yeye hakubadili chochote. Alikwenda kazini.

Hili liliwezekana kwa sababu kikokotoo hakimo kwenye sheria mama. Kimo kwenye kanuni, ambazo waziri huziandika kwa mamlaka aliyopewa na sheria. Kubadili sheria kunahitaji muswada, kamati, wadau kuitwa, wabunge kusimama na kupiga kura. Kubadili kanuni kunahitaji tangazo katika Gazeti la Serikali. Wengi tulishangilia Desemba 2018, na mimi nilikuwa mmojawapo. Lakini kilichorudishwa kwa agizo hakikuwa na ulinzi wowote zaidi ya agizo.

Hisani, jasho, mkataba

Pensheni ya serikali ilianza kama zawadi ya mtawala kwa mtumishi mwaminifu, na alama ya asili hiyo bado inaonekana. Sheria ya Pensheni ya Kenya, Sura ya 189, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, inasema katika kifungu cha 5 kwamba hakuna afisa mwenye haki kamili ya kulipwa pensheni wala kiinua mgongo kwa utumishi wake uliopita. Soma tena polepole. Mtu amefanya kazi miaka thelathini, na sheria inayomlipa inaanza kwa kumwambia kwamba hadai. Kwa mtazamo huu ahadi haizaliwi kamwe. Kila malipo ni hisani mpya.

Mtazamo wa pili unasema pensheni ni jasho: ni mshahara uliocheleweshwa. Kila mwezi unaofanya kazi, kipande cha pensheni kinazaliwa na kuwa chako, kama kibarua anavyodai siku alizolima. Serikali inaweza kusema kuanzia kesho hesabu ni nyingine, lakini miaka iliyokwisha kulimwa inabaki na bei yake ya zamani.

Wa tatu ni mkali zaidi. Ahadi inazaliwa yote siku unayoripoti kazini. Kanuni uliyoikuta ndiyo itakayokuzika, na hata miaka ambayo bado hujaifanyia kazi inalindwa nayo.

Ukitaka kuona mtazamo wa tatu ukifanya kazi bila huruma kwa Hazina, nenda Illinois, Marekani. Katiba ya jimbo hilo ya 1970, Ibara ya 13, kifungu cha 5, inasema uanachama katika mfuko wowote wa pensheni wa jimbo au wa serikali za mitaa ni mkataba unaoweza kudaiwa mahakamani, na mafao yake hayatapunguzwa wala kudhoofishwa. Waliouandika walijua wanachokifanya. Hata mwaka huo mifuko ilikuwa na upungufu, na watumishi waliogopa jimbo siku moja litasema halina fedha.

Siku hiyo ilifika. Kwa miongo mingi wabunge wa Illinois walichangia pungufu ya kiasi kilichotakiwa. Mwaka 1994 walipitisha mpango wa kuijaza mifuko hadi asilimia 90 ifikapo 2045, wakiuelekeza mzigo mkubwa kwenye miaka ya mwishoni, ambayo wao hawatakuwa madarakani. Kisha mwaka 2005 wakapunguza hata kile kidogo walichokuwa wamejipangia. Ilipofika 2013 upungufu ulikuwa karibu dola bilioni 100, na Gavana Pat Quinn akasaini sheria ya kupunguza mafao. Shabaha kuu ilikuwa nyongeza ya kila mwaka ya asilimia 3, ile inayojizidisha juu ya nyongeza za nyuma. Umri wa kustaafu nao ulisogezwa mbele kwa vijana.

Jimbo lilijitetea kwa hoja ya dharura: mamlaka ya dola kulinda ustawi wa umma yanaweza kupita mkataba wowote pale hali inapokuwa mbaya mno. Tarehe 8 Mei 2015, Mahakama ya Juu ya Illinois ilikataa kwa sauti moja, majaji saba kwa saba. Jaji Lloyd Karmeier, aliyeandika hukumu, hakubisha kwamba hali ni mbaya. Alisema dharura hiyo ilionekana ikija kwa miaka mingi, na walioileta ni walewale wanaoomba kusamehewa. Akakumbusha pia kwamba jimbo lilikuwa limeacha ongezeko la muda la kodi ya mapato liishe, kodi ikashuka kutoka asilimia 5 hadi 3.75, wakati huohuo likidai halina njia nyingine.

Nikiisoma hukumu ile namwona mama na daftari lake. Mahakama inasema kwa lugha ya kisheria kile ambacho yeye angekisema kwa lugha ya jikoni: mimi nilikatwa kila mwezi, hukuwahi kuniuliza kama mwezi huu nina uwezo wa kukatwa.

Ila ushindi huo una upande wake wa giza. Siku nne baada ya hukumu, Moody's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, ilishusha hadhi ya mikopo ya Chicago, mji mkubwa wa Illinois, hadi daraja la hatari, ikitaja hukumu hiyo. Na kwa kuwa waliokwisha ajiriwa hawagusiki, jimbo lilikuwa limeshawageukia wasioajiriwa bado. Kila mwalimu aliyeingia kazini kuanzia Januari 1, 2011 yuko daraja la pili: mafao kamili hadi afikishe miaka 67, na nyongeza ya mwaka ni ndogo, isiyojizidisha. Walimu wa Illinois hawamo kwenye hifadhi ya jamii ya serikali kuu ya Marekani, kwa hiyo kijana huyo hana mfuko mwingine wa kuegemea. Anafundisha darasa jirani na mwenzake wa zamani, chaki ileile, wanafunzi walewale. Kosa lake ni kuzaliwa baadaye. Ulinzi wa katiba unafunika walio ndani ya nyumba. Mvua haijakoma kunyesha, inawanyeshea walio barazani.

Neno lilelile, msiba tofauti

Detroit, mji wa jimbo la Michigan, iko umbali wa saa chache kwa gari kutoka Chicago. Katiba ya Michigan nayo inalinda pensheni, kwa maneno yanayofanana: mafao yaliyokwisha kuchumwa ni wajibu wa kimkataba usiopunguzwa wala kudhoofishwa. Angalia neno yaliyokwisha kuchumwa. Huo ni mtazamo wa jasho, unalinda miaka iliyopita na kuiacha ijayo mikononi mwa serikali. Wastaafu wa Detroit walidhani wako salama, maana miaka yao yote ilikuwa imepita.

Julai 18, 2013 mji uliomba kufilisika, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa dola bilioni 18. Desemba mwaka huo Jaji Steven Rhodes wa mahakama ya ufilisi alitoa uamuzi ulioshtua nchi nzima. Katiba ya Michigan, alisema, imeitambua pensheni kuwa mkataba. Na kazi ya sheria ya shirikisho ya ufilisi ni kuvunja mikataba ya mdaiwa aliyeshindwa. Kwa hiyo pensheni inaweza kukatwa kama deni la benki linavyokatwa.

Neno mkataba, lililowaokoa walimu wa Illinois, ndilo lililowazamisha madereva wa malori ya taka wa Detroit. Tofauti ilikuwa mahakama waliyofikishwa. Jimbo la Marekani haliwezi kuomba kufilisika. Mji unaweza, jimbo lake likiruhusu.

Kilichopunguza maumivu kilitoka mahali ambapo hakuna mwanasheria angepatazamia: jumba la makumbusho ya sanaa. Mji ndio uliokuwa mmiliki wa mkusanyiko wa Detroit Institute of Arts, wenye michoro ya Van Gogh na Bruegel, na wadai walitaka ipigwe mnada. Taasisi za hisani, serikali ya jimbo na makumbusho yenyewe wakaahidi kwa pamoja zaidi ya dola milioni 800 kwa miaka ishirini, kwa sharti mbili: michoro isiuzwe, na fedha ziende kwenye pensheni. Watumishi wa kawaida wakakatwa asilimia 4.5 na kupoteza nyongeza yao yote ya kila mwaka. Polisi na zimamoto hawakukatwa pensheni, walipunguziwa nyongeza. Ilikuwa nafuu kubwa kuliko walivyotishwa mwanzoni. Kwa mzee wa miaka 80, hata hivyo, asilimia 4.5 ya kila mwezi ni dawa ya presha.

Kati ya Illinois na Detroit kuna njia nyingine nyingi, nitazipitia kwa haraka. Mahakama za California, kuanzia kesi za mji wa Long Beach za 1947 na 1955, zilijenga kanuni kwamba mafao yanaweza kubadilishwa kabla ya kustaafu endapo mabadiliko ni ya busara na aliyepunguziwa huku anaongezewa kule. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ililegeza kidogo, ikaruhusu kuziba mianya ya watu kuchochea mishahara yao ya mwisho ili pensheni ivimbe. Uingereza kikwazo kilitoka mahali pengine kabisa. Serikali ilipobadili mifuko mwaka 2015, iliwaacha kwenye mfumo wa zamani wale waliokaribia kustaafu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema huo ni ubaguzi wa umri dhidi ya majaji na askari wa zimamoto walio vijana. Huruma kwa wazee ikageuka kosa kisheria kwa jinsi ilivyogawanywa.

Nayakumbuka hayo ninapoiangalia Kenya. Mfuko wake mpya wa watumishi wa umma, ulioanza Januari 1, 2021 kwa sheria ya 2012, uliwaingiza kwa lazima walio chini ya miaka 45 na kuwapa hiari waliovuka. Mtumishi anachangia asilimia 7.5 ya mshahara, serikali 15, na makato ya mtumishi yalipandishwa kwa awamu tatu ili yasimwangushe. Kwa maoni yangu huo ni uungwana zaidi ya kumbadilishia hesabu mtu aliyebakiza miezi sita.

Nyumbani, katiba inasema nini

Sasa nirudi kwa mama. Katiba ya Tanzania ya 1977, Ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ukiishia hapo unapumua. Lakini Ibara ya 7 imeshasema kwamba masharti ya sehemu hiyo ya katiba hayadaiwi mahakamani. Ni dira ya watawala, jaji hawezi kuwashika nayo.

Inabaki Ibara ya 24, ya haki ya kumiliki mali na marufuku ya kumnyang'anya mtu mali yake bila sheria inayotoa fidia inayostahili. Je, pensheni ni mali? Hakuna hati miliki wala ufunguo wa mlango. Lakini mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilikataa kuisoma ibara hiyo kwa ufinyu. Serikali ilidai mkulima anayeishi kwenye ardhi ya kimila hana mali ya kunyang'anywa. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema haki ya kuitumia ardhi hiyo ni mali inayolindwa na katiba, tena jasho la mtu alilolimwaga juu ya ardhi linaipa thamani inayostahili fidia.

Nauona mlango hapo. Kama jasho la mkulima juu ya ardhi asiyo na hati yake ni mali, kwa nini miaka thelathini na nne ya mwalimu, iliyokatwa michango kwenye karatasi ya mshahara mwezi baada ya mwezi, isiwe mali? Hoja hiyo ina mpaka wake, na niuseme. Ingelinda miezi iliyokwisha kufanyiwa kazi kwa kanuni ya wakati ule. Isingeifunga serikali mikono kwa miezi ijayo, na nadhani hivyo ndivyo inavyopaswa, kwa sababu mfuko unaokufa haumlindi mtu. Kwa hesabu ya namna hiyo, mwalimu aliyeanza 1988 angekokotolewa kwa 540 na 15.5 hadi Juni 2022, na kwa kanuni mpya kuanzia Julai. Kompyuta inaweza kufanya hivyo kwa dakika moja.

Tena serikali yenyewe ilikwishakubali nusu ya hoja hiyo bila kuitamka. Hotuba ya bajeti ya 2024 ilipowatenga waliokuwa wa asilimia 50 na kuwapa 40, na waliokuwa wa 25 ikawapa 35, ilikuwa inakiri kwamba mfuko uliomlea mtu una uzito. Asingekuwa na chochote mkononi kabla ya kustaafu, kusingekuwa na sababu ya kumtofautisha.

Majirani wamekwenda mbele kidogo. Katiba ya Uganda ya 1995, Ibara ya 254, inasema mtumishi wa umma akistaafu atapata pensheni inayolingana na cheo, mshahara na muda wa utumishi wake, isiyotozwa kodi, inayopitiwa mara kwa mara, na inayolipwa kwa wakati. Haisemi kiwango, lakini hisani imekufa hapo. Kenya nayo, ileile ya kifungu cha 5, ina katika katiba yake ya 2010 ulinzi ninaouonea wivu, ila umewekwa kwa wachache. Ibara ya 160 inasema mafao ya jaji mstaafu hayatabadilishwa kwa hasara yake muda wote wa uhai wake. Jedwali la Sita linasema pensheni ya wenye nyadhifa za kikatiba itafuata sheria iliyokuwepo siku mafao yalipotolewa, au sheria ya baadaye isiyomwumiza zaidi.

Kwa jaji kuna sababu nzuri: asitishwe na serikali kupitia mfuko wake. Ila sentensi ile ya Jedwali la Sita ni fupi, inaeleweka, na haina neno linaloizuia kumfaa karani wa masjala au muuguzi wa zahanati. Ningependa kuiona katika sheria mama ya mfuko wetu, ikiambatana na jambo la pili ambalo Illinois ililikosa: kifungu kinachomlazimisha mwajiri, serikali ikiwemo, kupeleka mchango wake kwa wakati, na kumpa mwanachama haki ya kumshtaki asipopeleka. Illinois ililinda ahadi ikasahau kulinda fedha za kuilipa. Kwetu sheria inataka mtumishi achangie asilimia 5 na mwajiri 15. Robo tatu ya maji ya kisima hiki inatoka upande wa serikali.

Mama hakwenda mahakamani. Mkupuo wake uliezeka nyumba, ukabaki bila kufikia madirisha. Mbao za fremu zimeegemezwa ukutani sebuleni, zimefunikwa kitenge.

Mdogo wangu wa mwisho ameajiriwa mwaka jana, naye mwalimu, shule ya kata mbali na nyumbani. Barua yake imechapwa kwa kompyuta, ina nembo ya rangi na namba ndefu ya kumbukumbu. Nilimwomba anipigie picha anitumie. Katikati ya ukurasa, mstari wa saba: masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Nikaisoma hadi kwenye muhuri, nikitafuta kama safari hii wameandika na hesabu yenyewe. Hawakuiandika.